Kufuli la Mkurugenzi

"Nyegere, wote wawili wamo ndani. Ingia!"

Sauti ya Mkuu wake wa upelelezi ilikatika kwenye kipaza sauti cha sikioni.

Nyegere alitupa ufagio. Wiki nzima alijifanya mfanya usafi wa televisheni ya umma, akiokota vichungi vya sigara vya Mkurugenzi wa Mitambo. Leo alichomoa bastola ya Glock 19 kutoka kwenye ndoo, akapanda ngazi mbilimbili.

Mlinzi alimzibia mlango.

Goti moja la tumbo. Chini, kimya.

Ndani, Mkurugenzi alikuwa akitafuna kuku, vidole vyenye mafuta vikiteleza kwenye kibodi. Pembeni yake alikaa mgeni wa suti ya kijivu, mjumbe wa kampuni ya ng'ambo. Mpango wao ulikuwa uozo mtupu: wavihamishie vipindi vyote vya masomo kwenye muundo unaofunguka kwa ufunguo wa kampuni tu, kisha wafute nakala za zamani. Vipindi vilitengenezwa kwa kodi ya wananchi, halafu wananchi hao hao wapige magoti kuvitazama!

Katika vipindi hivyo alikuwemo mama yake Nyegere, akifundisha hesabu ubaoni. Marehemu hakuacha sauti yake kwingine kokote.

"Mikono juu!"

Mkurugenzi alibonyeza kitufe, akalamba kidole.

"Umechelewa, dada. Nimeshafuta."

Mgeni alicheka.

Ptuu! Nyegere alitema mate kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe.

"Bosi, nani aliagiza kila kilicho kwenye folda ya Mchana kiingie chenyewe kwenye tovuti, taarifa ya habari ya mchana ikianza?"

"Mimi. Nani ana muda wa kuidhinisha faili moja moja..."

Tonge la kuku lilimkwama kooni.

Ukutani, runinga ililia muziki wa taarifa ya mchana.

"Jana ulienda kulala kochini ukaniachia kompyuta wazi, nifute meza," Nyegere alisema. "Nikavitia vipindi vyote kwenye folda hiyo, kwa WebM. Muundo huria huo. Hauombi ufunguo wa mtu."

"Vitoe!" mgeni alifoka.

Mkurugenzi aligonga kibodi, jasho likimtiririka. "Watu wanapakua... Mungu wangu, wanapakua kama wameambiwa!"

"Toa tu. Wao tayari wanavyo," Nyegere alisema.

Mgeni akaingiza mkono ndani ya koti.

Paa!

Risasi ya Nyegere ikairusha bastola ya mgeni. Akashika kiganja, akilia kama mtoto.

"Mkuu," Nyegere alisema, "njooni mzoe takataka. Mje na glavu."

Nje, fundi viatu alikuwa ameegemeza simu yenye kioo kilichopasuka kwenye kopo la gundi.

"Hujaelewa? Si neno," mwanamke wa kwenye simu alisema, chaki mkononi. "Tunaanza upya, taratibu."

Nyegere akainama kumtazama mama yake.

"Huyu mwalimu hana hasira kabisa," fundi alisema.

"Darasani tu," Nyegere alijibu. "Nyumbani ungemkimbia."

Akavaa miwani yake ya jua, akavuka barabara.