Robota la Kanga la Dada Nurbanu

Kila asubuhi pale Temeke, kabla ya kwenda shule, mimi na dada yangu Nurbanu tulifungua duka la Baba. Mimi nilifagia huku nimenuna. Yeye alitundika kanga mlangoni na kumsalimu kila mama aliyepita.

"Shikamoo, Bi Mauwa! Mguu unaendeleaje?"

"Dada," nilimtania, "ungezijua hesabu kama unavyoijua miguu ya watu, ungekuwa wa kwanza darasani."

Wa kwanza hakuwa. Mwaka ule wa 1953 cheti chake kilikuja na neno moja toka juu hadi chini: wastani. Naye alitamani sana kuingia shule ya biashara ya mjini, iliyochukua wanafunzi kumi na wawili tu kati ya waombaji sabini. Baba alishasema waziwazi kwamba akikosa nafasi hiyo, masomo yamekwisha, akae nyumbani ajifunze kushona. Dada hakulia mbele ya Baba. Alilia mbele yangu.

Siku ya usaili nilimsindikiza. Njiani nikampa ushauri wangu, Mungu anisamehe.

"Wakikuuliza habari za dukani, sema kila ulichochagua kiliuzika. Usithubutu kulitaja lile robota!"

"Mh!" akaguna tu.

Mwaka uliotangulia Baba alikuwa amemruhusu kuchagua kanga kwa mara ya kwanza. Dada akapenda wekundu wake na maua yake makubwa, akachukua robota zima bila kumwuliza mtu juu ya maneno yaliyoandikwa: JIRANI PUNGUZA ULIMI. Loo! Temeke nzima hakuna mwanamke aliyezigusa.

Mlango wa chumba cha usaili uliachwa wazi kwa sababu ya joto, nami nilikuwa kwenye benchi hapo nje. Mkuu wa shule, Mwalimu Saifuddin, alikisoma cheti kwa sauti.

"Wastani, wastani, wastani. Binti, wengi wamekuzidi alama. Kwa nini nikuchukue wewe?"

"Mwalimu, naomba nikueleze kosa langu," dada akajibu.

Nikajishika kichwa. Amejimaliza mwenyewe!

"Nilichagua kanga kwa kutazama maua, nikawasahau wavaaji. Zikakaa miezi mitatu. Basi nikachukua doti moja, nikapita nyumba kwa nyumba. Sikwenda kuuza, nilikwenda kuuliza. Bi Mauwa akaniambia, 'Mwanangu, mie na jirani zangu tunachota maji bomba moja. Nikijifunga hii, kila mmoja ataona nimemlenga yeye. Nani anataka ugomvi asubuhi asubuhi?'"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwuliza, 'Basi nani anautaka?' Bi Mauwa akacheka mpaka akakaa chini. Akanipeleka kwa kina mama wa kundi lake la ngoma, waliokuwa wakijiandaa kushindana na kundi la mtaa wa pili. Wakanunua zote, zikawa sare yao."

"Na hao wa mtaa wa pili?"

"Walikuja dukani kesho yake, Mwalimu, kuuliza kama tuna kanga ya kuwajibu."

Mwalimu Saifuddin akaangua kicheko. Kisha akauliza taratibu, "Mbona hukuanza na sifa, ukaanza na kosa?"

"Alama zangu umeziona, Mwalimu. Lakini kazi hii nimeijua kutokana na kosa hilo. Siku hizi sichagui kanga kabla ya kuwauliza wavaaji."

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Dada amepata nafasi, wa kumi na mbili, wa mwisho kabisa! Nilimkumbatia, nikalia kuliko yeye. Halafu nikamweleza Baba ule ushauri wangu wa njiani.

Baba akaikunja barua. "Shamshad mwanangu, ukificha kosa, utalirudia. Dada yako alilibeba lake mpaka nyumba za watu, akauliza, akafunzwa. Mtu wa namna hiyo hata akianza wa mwisho, usimdharau."

Asubuhi iliyofuata nilishika ufagio bila kununa. Bi Mauwa akapita mlangoni, nami nikawahi kabla ya dada.

"Shikamoo, Bi Mauwa! Mguu unaendeleaje?"