Kitambaa cha Baba na Machungwa ya Shule

Baba yangu anapenda vitu ving'ae. Viatu, sufuria, hata kufuli la mlango! Kila tulipovuna machungwa, alikaa stoo na kitambaa chake cha buluu chenye maji, akayafuta moja moja.

Asubuhi moja Mama alifungua kreti. Ukungu wa kijani ulikuwa umetapakaa.

"Jamani, tena?" alisema. "Mpishi wa shule amesema yakioza mara nyingine, atanunua kwingine."

Hatukuwa na mnunuzi mwingine.

"Mimi lawama sitaki," Baba alisema. "Nayapiga deki kila siku!"

Mama alimwita jirani yetu, bibi shamba, mtaalamu wa kilimo.

"Shemeji, lenye ukungu unalifanyaje?" bibi shamba aliuliza.

"Nalifuta, nalirudisha."

"Kwa kitambaa hicho hicho?"

"Sasa nitumie shati?"

Tulicheka. Bibi shamba naye alicheka, kisha akaeleza.

"Huo ukungu una vimbegu vidogo mno. Kitambaa chako kinavipeleka kwenye chungwa zima. Vikikuta mchubuko, vinaingia."

Baba alikitazama kitambaa chake. Aliona haya, nami nikamhurumia.

Tulitoa yote yaliyooza, tukayafukia mbali. Tuliosha kreti kwa sabuni, tukazianika juani. Siku ya kuvuna, tulikata machungwa kwa mkasi badala ya kuyavuta. Yenye michubuko tuliyala wenyewe.

Kisha Mama alitwanga vitunguu saumu, akaviloweka kwenye maji safi, akachuja.

"Maji haya hayaponyi lililooza," bibi shamba alionya. "Yanasaidia kuuzuia ukungu usiote kwenye lililo zima. Chovyeni kreti moja tu. Ya pili iacheni hivyo hivyo, tulinganishe."

Tulichovya, tukayakausha kivulini.

"Stoo inanuka kama jikoni," Baba alinung'unika. Mikono ilimuwasha kwa kukosa cha kufuta.

Baada ya wiki mbili tulifungua kreti zote. Ile isiyochovywa ilikuwa na machungwa tisa mabovu. Iliyochovywa, mawili tu. Mama alikaa chini akashusha pumzi.

Tulipeleka mazima shuleni. Mpishi alinusa moja.

"Mbona kama kitunguu saumu? Tena safari hii hayang'ai."

Akalimenya, akala kipande, kisha cha pili, akamaliza lote.

"Leteni tena Jumatatu," alisema.

Njiani Mama alitoa kitu kwenye mkoba. Kilikuwa kile kitambaa cha buluu, kimefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Shika, mume wangu. Kuanzia leo ni cha viatu."

Baba aliinama palepale barabarani, akaanza na vya Mama.