Kiti cha Mtu wa Visima

Giza lilikuwa linaingia mjini Nyololo, Nashoni alipotoka gesti kununua bando la intaneti. Nukta zake thelathini, kila moja kaya aliyotumwa kuikagua kama ina maji, zilikaa tayari kwenye kompyuta juu ya weupe mtupu. Ulibaki mstari mmoja tu wa programu, wa kuvuta picha ya setilaiti ikae chini yake. Kesho asubuhi bosi wake, Helena, angeitazama ramani hiyo na kuamua visima vichimbwe wapi.

Kumi na moja kati ya nukta hizo alizibuni. Alisingizia tope, lakini ulikuwa uvivu mtupu. Alikaa baa, akatunga namba za mahali na majina, na wote akawaandikia: maji yapo.

Akarudi chumbani, akaendesha programu. Picha ikashuka vipande vipande... misitu, mashamba ya chai, barabara. Nukta kumi za uongo ziliangukia porini. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Ya kumi na moja iliangukia juu ya nyumba.

Nyumba ya kweli. Bati, uani kiti kimoja. Hapo alikuwa ameandika jina lililomjia tu kichwani: Severina.

Kisha harufu... ulanzi, pombe ya mianzi, uliolala. Chumbani hakukuwa na kinywaji.

"Kamwene, mgeni," sauti ya mwanamke ilimsalimu kwa kunong'ona nje ya mlango.

Nashoni aliusogelea mlango, akasikiliza.

"Mwenyekiti wa kijiji alisema unakuja. Nikakuwekea kiti. Nikakuwekea ulanzi."

Maji yalidondoka. Tap. Tap.

"Umeandika nina maji."

Alipopata nguvu ya kufungua, hakukuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na kibuyu, kimelowa.

Kulipokucha alikibeba kibuyu, akaifuata ile nukta kwa pikipiki. Kiti kilikuwa uani. Jirani, mzee Eliezeri, alimpokea.

"Severina? Tumemzika Jumanne, baba. Alimngoja mtu wa visima kutwa nzima, maji yamemwishia ndani. Jioni akashuka mtoni, akateleza."

Nashoni alitamani ardhi immeze. Akampigia Helena palepale, mzee akisikia. "Dada, usiitumie ile ramani. Kaya kumi na moja nimezibuni. Huku hawana maji."

Mzee hakumlaumu. Alikuwa anakitazama kibuyu.

"Hicho umekitoa wapi?" alinong'ona. "Tulimzika nacho."

Kisha, kwa mazoea ya ukarimu, akamsogezea kile kiti.

Nashoni hakukaa. Mpaka leo, akikaribishwa kiti nyumba yoyote, hubaki amesimama mlangoni, macho chini.