Hodi Kila Dakika

Mstari wa kijani ulitokea saa nane mchana, Bi Chapa akiwa na tonge la mwisho mkononi, na tonge lenyewe halikufika mdomoni.

Bi Chapa hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Miaka thelathini alikuwa akiwapigia watu chapa barua zao, za mapenzi, za kuacha kazi, za kutishana mahakamani, na zote alizisoma kwa uso mkavu. Lakini mstari ule aliutazama, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Bado ulikuwapo: Jibu limepokelewa. Akanawa mkono, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kulia.

Usimwone mwehu. Ngoja nikueleze.

Intaneti ya pale dukani kwake ilikuwa ya laini ya simu, ile ya kupiga namba kwanza, modemu ikapiga makelele kama paka aliyekanyagwa mkia, ndipo ukaingia. Kampuni nayo ilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Laini ikikaa kimya dakika kumi, wanaikata. Ukitaka kurudi, unakuta namba inatumika, unapiga weee mpaka asubuhi inakwisha, na mteja kakusimamia kichwani na maombi yake ya kazi. Aliyeimaliza kero hiyo ni kitinda mimba wake, kijana fundi wa kompyuta, mwenye maneno mengi na vidole vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu.

"Mama, hawa wanachotaka ni kusikia laini inaongea," alimwambia. "Basi tutaifanya iongee."

Akashusha kiprogramu kidogo cha bure, kisichomdai mtu hata senti, akayageuza maneno yake kuwa Kiswahili ili mama yake asihangaike. Kazi yake ilikuwa moja tu. Kila dakika kilituma kineno kwenye kompyuta nyingine huko mbali, kikasubiri kujibiwa. Kikijibiwa kinaandika mstari wa kijani, kisipojibiwa kinaandika mwekundu, na pembeni kinaweka namba ya muda ambao neno limetumia kwenda na kurudi.

"Kama mtu anayepiga hodi, akaitikiwa, akaenda zake," alisema. "Haingii ndani."

Rafiki yake, waliyemwita Waya kwa wembamba wake, alishauri hodi zipigwe kwenye mashine ya kampuni yenyewe, kama watu wengine wanavyofanya. Lakini kijana alikuwa anaondoka wiki ile kwenda kazini mbali, kwa hiyo akaweka anwani ya mashine yake mwenyewe, ile atakayokaa nayo chumbani kwake huko. "Ukiona kijani, mama, jua nipo."

Miaka miwili Bi Chapa alikitazama kijani kama mama mwingine anavyotazama mtoto aliyelala, anahakikisha anapumua halafu anaendelea na mambo yake. Namba ya pembeni ilikuwa mia sita na kitu, siku zote. Kisha Jumanne moja asubuhi mstari ukawa mwekundu, na uliofuata, na uliofuata. Homa ya siku nne ilikuwa imemchukua kijana. Watu wa huko walikuwa wameshachomoa mashine yake ili wafungashe vitu, hakuna aliyekumbuka kumpigia simu mama. Alijua kwa wekundu kabla ya kuambiwa na mtu.

Waya ndiye aliyekwenda kuchukua mizigo. Kompyuta ya marehemu ilirudi kwenye boksi, ikawekwa juu ya kabati chumbani kwa Bi Chapa, na waya wake wa umeme umeviringishwa kwa kamba. Walipomaliza kuzika, Waya alimwuliza kwa upole, "Mama, nibadilishe ile anwani? Hakuna wa kuitikia kule."

"Ukiigusa nitakukata vidole," alijibu Bi Chapa, na hakuwa anatania.

Ikaachwa. Laini ilikuwa ya kulipia mwezi mzima, kwa hiyo haikuzimwa usiku wala mchana. Siku sitini hodi zikapigwa, siku sitini wekundu. Siku ya sitini na moja, saa nane mchana, kukaitikiwa.

Sasa umeelewa machozi yale.

Waya alipoitwa alikuja mbio, akatazama, akaenda mpaka chumbani akapanda juu ya kiti. Boksi lilikuwa pale pale, gundi yake haijabanduliwa.

"Labda wamempa mtu mwingine anwani yake," alisema. Hata yeye hakujiamini. "Lakini namba hii, mama. Ilikuwa mia sita. Sasa ni mia nne."

"Na maana yake?"

"Maana yake anayejibu yuko karibu zaidi."

Bi Chapa akatabasamu. Jamani, akatabasamu! Tangu msiba hakuwa amefanya hivyo, na Waya akaogopa tabasamu lile kuliko ile namba.

Kutoka hapo namba ikawa inashuka. Mia tatu na nusu. Mia tatu. Bi Chapa alianza kuvaa vizuri. Aliosha shuka za kitanda cha kijana, akazianika, akatandika. Dukani kukaingia harufu ya risasi iliyoyeyuka, ile aliyokuwa akiilalamikia zamani, akafungua pua zote mbili kuivuta. Lakini chini ya harufu ile palikuwa na nyingine, ya chumba kilichofungwa miaka mingi na maji yakaingia, na hiyo alijifanya haisikii.

Bintiye mkubwa aliisikia. Alikuwa na mimba ya miezi minane, mumewe yuko safarini, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Nyumba yao ilikuwa duka mbele, vyumba viwili katikati, jiko nyuma.

"Mama," alinong'ona siku moja, mkono tumboni, "kila kompyuta inapopiga hodi, mtoto anaruka. Nimehesabu. Kila dakika anaruka."

"Anacheza tu."

"Hachezi. Anashtuka." Akamshika mama yake mkono. "Huyu anakuja, mama, na wewe unamtandikia kitanda aliyeondoka. Uko upande gani?"

Bi Chapa akautoa mkono wake, akarudi dukani. Usinilaumu kwa kusema hivi, lakini kama ungemwuliza siku ile, angechagua vibaya, na alijua hivyo, na ndiyo maana usiku ule alilia akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani.

Kesho yake Waya alimleta bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Kabla ya kuwa mganga alikuwa amekaa miaka mingi swichibodi, akiunganisha simu za watu, na mpaka leo alikuwa anaitwa Opareta. Hakuwasha ubani. Alivuta kiti, akatazama mistari ya kijani ikiingia mmojammoja, akanusa.

"Mtu akifika mlangoni kwa mtu anapiga hodi mara ngapi?" aliuliza.

"Tatu," akasema Bi Chapa.

"Akikosa jibu?"

"Anaondoka."

"Nyie mmepiga ngapi?"

Waya akahesabu kwa vidole, akaacha, akachukua kikokotoo cha mezani. "Siku sabini na mbili, kila dakika... laki moja na elfu tatu na ushee."

"Ee Mungu wangu," alisema Opareta polepole. "Nyumba ya mtu imebaki tupu, nyie mnagonga mara laki. Nyumba tupu hazikai tupu, mwanangu. Jini aliyehamia mle alichoka kelele, akaamka aone nani anamtaka namna hii. Sasa anafuata laini. Zamani kule swichibodi tulikatazwa kuacha laini wazi upande mmoja ukishakaa kimya, na wakubwa hawakutwambia kwa nini."

"Ni mwanangu," alisema Bi Chapa.

"Anakuja na sauti yake, maana ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Lakini akiingia atataka mahali pa kukaa." Opareta hakumtazama bintiye Bi Chapa, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, lakini kila mtu alijua anasema juu ya tumbo lile. "Kumkata njiani haifai, atabaki anazurura. Tutamsubiri afike mlangoni. Atapiga hodi tatu. Hakuna wa kuitikia. Ya tatu ikipita, wewe uliyeita ndiye utakayechomoa waya wa simu. Na usimwambie neno, unanisikia? Hata la kumfukuza. Ukimya mtupu."

Alifika kesho yake saa nane. Jua lilikuwa linachoma, mtaa mweupe, watu wote wamejifungia na joto. Binti alikuwa chumbani na mlango umefungwa. Waya alisoma namba kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Themanini. Arobaini. Kumi na mbili." Spika ndogo ya modemu, ambayo haina sababu ya kulia ukishaunganishwa, ikaanza kukwaruza taratibu, na mle ndani ya mkwaruzo mkasikika viatu, viatu vya mtu mmoja anayetembea bila haraka juu ya kokoto, na Bi Chapa akatambua kwamba anasikia viatu hivyo hivyo na nje pia, mtaani, vikipita mbele ya dirisha lililofungwa ingawa hakuna kivuli kilichopita kwenye upenyo, vikapunguza mwendo, vikasimama mlangoni, na ile harufu ya maji yaliyolala ikapenya chini ya mlango ikapanda mpaka magotini kwao kama baridi.

"Moja," alisema Waya, akainua macho kutoka kwenye namba.

"Hodi."

Lo! Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa yeye kabisa, na ule mkwaruzo wa koo aliokuwa nao tangu utotoni. Bi Chapa akauma upindo wa gauni.

"Hodi, mama."

Opareta akainua vidole viwili. Waya alikuwa analia bila sauti.

"Hodi, mama, ni mimi, nimetembea sana, jua kali huku nje na miguu imevimba, na kule nilikokuwa hakuna mtu hata mmoja anayeniita isipokuwa wewe, umeniita usiku na mchana, nami nimekuja, sasa mbona unanyamaza, mama, nifungulie basi, hodi."

Opareta akaonyesha waya. Bi Chapa akaushika. Mkono ulikuwa tayari, na kama angeuvuta tu hadithi hii ingeishia hapa na tungekwenda kulala. Lakini moyo wa mama ulikuwa umepata kitu cha kushika, kitu kidogo kilichokuwa kikimsumbua tangu hodi ya kwanza, na kikamtoka kwa kelele kabla hajajua.

"Mwanangu hapigi hodi kwangu! Mwanangu anaingia mlango wa nyuma, anafunua sufuria, anauliza leo mmepika nini! Wewe si yeye!"

Akang'oa waya ukutani na kipande cha plasta juu.

Modemu ikazima taa zake. Nje palikuwa kimya, na kimya chenyewe kilichelewa kidogo kuondoka, kama cha mtu anayesubiri amalize kusikiliza. Kisha viatu vikatembea, vikafifia, harufu ikaisha. Waya akakaa chini sakafuni. Bi Chapa alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, maana sasa ndiyo alikuwa amemzika.

Opareta hakushangilia. Alikunja mfuko wake.

"Amekwenda?" aliuliza Bi Chapa.

"Amekwenda." Akamtazama kwa huruma. "Nilikwambia usiseme neno, binti yangu."

"Nimemfukuza tu."

"Najua. Na yeye amekusikia."

Waya alibadilisha anwani jioni ile ile, hodi zikawa zinapigwa kwenye mashine ya kampuni, kijani kikaja ambacho hakikumhusu mtu. Bi Chapa aliacha kukitazama. Shuka za kitanda cha kijana zikatolewa, kikawekwa kitanda cha mtoto. Wiki ya tatu binti akajifungua salama, mtoto wa kiume, mnene, mwenye hasira. Bi Chapa alimbeba dukani huku anapiga chapa kwa mkono mmoja, na wateja wakaanza tena kusikia utani wake.

Siku ya arobaini ya mtoto, mchana, dukani hapakuwa na mtu. Waya alikuwa kwao. Bi Chapa na bintiye walikuwa wamekaa kitandani, mtoto ananyonya, jikoni maharage yanachemka polepole, na Bi Chapa alikuwa anasimulia jinsi mteja wa asubuhi alivyotaka barua ya kumwacha mchumba iandikwe "kwa heshima lakini imuume". Walikuwa wanacheka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Haukugongwa.

Mtoto akaacha ziwa. Akageuza kichwa kuelekea jikoni, yeye ambaye shingo yake bado haijakaza, akatulia akisikiliza. Hatua tatu juu ya sakafu. Kisha kifuniko cha sufuria kikainuliwa, kikagusa ukingo, ule mlio mdogo ambao nyumba ile ilikuwa imeusikia miaka ishirini na sita.

"Leo mmepika nini?"

Binti akamkamata mama yake mkono mpaka kucha zikaingia. "Mama," alinong'ona, "mama, nakuomba, usi..."

Naye Bi Chapa alijua. Wallahi alijua, na alikuwa ameuma meno. Lakini mdomo wa mama una mazoea yake, na swali lile haukuwahi hata siku moja kuliacha bila jibu.

"Maharage, baba," alisema. "Bado kidogo. Kaa nikupakulie."

Jikoni kiti kikavutwa.