Rimu za Ghamdan

Kwanza ilikuwa sauti ya mfereji. Nashwan alimwaga sufuria nzima ya maji yanayochemka kwenye sakafu ya gereji yake, kule Dearborn, ayeyushe barafu na chumvi ya barabarani kabla ya kulipeleka gari kubadilishwa magurudumu. Mfereji wa sakafuni ukatoa sauti ya mtu aliyeungua akivuta pumzi kwa meno.

Hakupiga bismillahi. Marehemu mama yake, mtu wa mji wa Ibb, alikuwa akimfinya sikio kwa kosa hilo hilo: maji ya moto hayamwagwi kimya, huko chini kuna wenyewe, nao wana watoto. Lakini tangu amzike mdogo wake Ghamdan, ulimi wake ulikuwa hautaji kitu. Hakutoa hata chozi. Watu walimpa pole, akawaitikia kama anayeitikia salamu za lifti.

Gari lilikuwa la Ghamdan, silinda nane, linanguruma hata likiwa limesimama. Na rimu alizichagua Ghamdan mwenyewe kabla figo hazijamshinda: aloi nyeusi, inchi ishirini. Karrar, fundi wa tairi, alizitazama akaguna. Rimu ikikua, akasema, ubavu wa tairi lazima upungue, la sivyo gurudumu litakwaruza madigadi.

"Bwana wee, na mashimo yetu haya? Kwa tairi hizi ukikanyaga sarafu utajua ni ya mwaka gani."

"Ndicho ninachotaka," Nashwan akajibu.

Kweli ndicho alichotaka. Alitaka kuhisi kitu, chochote, hata kama ni lami.

Akahisi. Kila ufa ulimpanda miguuni hadi kwenye meno. Na alipofika Mtaa wa Warren, mahali barabara ilipo laini, kitu kikagonga chini ya nyayo zake: ngo, ngo, ngo, kimya, kisha ngo. Ghamdan alikuwa akigonga hivyo hivyo kwa pete yake kwenye dashibodi kila walipopita duka la kahawa. Gari likanuka mvuke na ngozi iliyobabuka. Mtu mwingine angeshuka akimbie, na angekuwa na akili zake. Huyu akazunguka mtaa mara ya pili.

Kutoka hapo hakuendesha gari jingine. Akawa anampeleka bintiye wa miaka sita, Tahani, shule kwa gari hilo, akirefusha njia ili asikie hodi za mdogo wake. Wiki haikwisha, mkewe Arwa akamwita bafuni na kumwonyesha unyayo wa mtoto: malengelenge matupu.

"Baba Tahani, mtoto kakanyaga wapi maji ya moto?"

"Sijui."

"Anasema ni ndani ya gari. Anasema kuna mama anamshika mguu na kumwambia, 'Wangu aliungua hapa.'"

Nashwan alijua anapaswa kuogopa, akaitafuta hofu kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Jioni akashuka gerejini peke yake, injini imezimwa, funguo ziko jikoni, na hodi zikaanza, si barabarani tena bali ndani ya rimu zenyewe, moja baada ya nyingine, zikizunguka gari kama mtu anayelizunguka akilipapasa, huku kutoka kwenye mfereji kikipanda kilio chembamba cha mtoto mchanga, na juu ya kilio hicho sauti ya Ghamdan, ile ile ya siku za hospitali, ikimwomba taratibu amlete Tahani tena kesho.

Arwa ndiye aliyemwita Sheikh Mutahar. Sheikh akauliza swali moja tu, kuhusu maji, na Nashwan akajibu kweli. Sheikh akasoma dua, akapulizia maji ya zamzamu rimu na mfereji, harufu ikakatika. Akaamuru rimu za zamani na tairi zake nene zirudishwe siku hiyo hiyo.

"Yule hakuwa ndugu yako," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni jini, mama aliyeunguziwa mwanawe, anamtaka wako. Ametoka, lakini atajaribu mlango. Akigonga, taja jina la Mungu papo hapo. Ukinyamaza, umemkaribisha."

Karrar akabadilisha. Gari likawa laini kama godoro. Nashwan akamchukua Tahani shuleni, na barabara nzima hakuhisi kitu, si shimo, si ufa, si ndugu.

Kwenye taa nyekundu za Warren akatazama kioo. Tahani alikuwa amelala, mikono mapajani, ndani ya glavu zake. Kioo cha mlango wake kikagongwa, kwa ndani.

Ngo, ngo, ngo.

Machozi yakamtoka Nashwan, ya kwanza tangu makaburini, moto mashavuni. Midomo ikafunguka kulitaja lile jina. Akakumbuka kwamba bado hodi moja, ile ya mwisho. Akanyamaza, aisikie.