Kimya Sebuleni

Mzee huyu alikuwa fundi cherehani, sasa amestaafu. Masikio yake yamechoka, si mchezo. Akitazama mpira, mtaa mzima unajua matokeo.

Mke wa mwanawe ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mchana analala. Yaani, anajaribu.

"Baba, punguza sauti kidogo, tafadhali."

"Nikipunguza naona midomo tu, mwanangu!"

Muuguzi akampa hedifoni zake zisizo na waya. Mzee akaziwasha, akavaa, akasubiri mpira. Lo! Akasikia mwanamke akisema: "Dada, mzee huyo mpelekeni kwa shemeji yako. Utaugua kwa kukosa usingizi."

Mzee akazivua. Iliuma sana. Akaenda kupanga nguo zake kwenye mfuko.

Chumbani, muuguzi alikuwa anaishangaa simu. Mdogo wake ametuma ujumbe wa sauti, lakini hausikiki. Akatoka kuulizia, akamkuta mzee anafunga mizigo.

"Baba, safari ya wapi tena?"

"Si mnanihamisha? Nimesikia kwa masikio haya haya mabovu!"

Muuguzi hakuelewa ameyasikia wapi. Akaitwa jirani, mama mmoja fundi wa redio. Alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wangu, hedifoni hizi zimezoea simu ya mkweo. Ukiziwasha, zinakimbilia huko. Umesikia ujumbe wake! Kwanza tuzime Bluetooth ya simu. Sasa bonyeza kitufe cha hedifoni, usiachie mpaka taa ianze kumetameta. Haya, kwenye televisheni: mipangilio, sauti, halafu Bluetooth. Jina la hedifoni hilo hapo. Lichague."

"Nasikia! Refa mwenyewe nasikia filimbi yake!"

"Televisheni isiyo na Bluetooth hununuliwa kifaa chake kidogo cha kuchomeka," jirani akaongeza. "Na kliniki ya masikio uende, usinikwepe."

Muuguzi akamshika mzee mkono. "Baba, aliyesema ni mdogo wangu. Jibu langu ni hapana. Huendi popote."

Mzee akafuta macho, hakujificha.

Kesho yake muuguzi aliamka saa nane mchana. Nyumba kimya. Mungu wangu, mzee ameondoka! Akakimbilia sebuleni pekupeku.

Mzee alikuwa kitini, hedifoni kichwani, anatazama vichekesho. Amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

"Nimekuamsha?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliye sokoni.

"Hapana, baba. Nimeamshwa na kimya."