Mshale wa Uzi Mwekundu

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, msichana mmoja alikimbilia uani kwenye karakana ya shangazi yake. Nyumbani walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa sawasawa. Hata chai hakuingoja ipoe. Kila siku aliunguza ulimi, na kila siku alilalamika kana kwamba chai ndiyo iliyokosea.

Shangazi alikuwa fundi wa mishale. Karakana yake ilikuwa chumba kidogo chenye benchi, randa, msasa na rundo la vijiti vilivyonyooka. Ukutani palikuwa na misumari miwili iliyoachana kidogo. Aliulaza mshale juu ya misumari hiyo, akatundika kufuli kuukuu katikati yake, kisha akatazama umenepa kiasi gani. Upinde mgumu kuvuta ulitaka mshale mgumu. Upinde mwepesi ulitaka mshale unaonepa zaidi.

"Mshale ukifyatuliwa hupinda kidogo ili uuzunguke mti wa upinde," alimwambia. "Ukiwa mgumu mno kwa upinde wako, unakwenda kushoto. Ukiwa mlegevu mno, unakwenda kulia. Kwa hiyo tunaanza na mgumu. Tunasugua kidogo, unarusha, tunatazama, tunasugua tena."

"Kwa nini tusisugue mara moja tukamaliza, Shangazi?"

"Kwa sababu mti ukishatoka, hakuna gundi ya kuurudisha. Vuta subira, mama."

Subira! Mtoto huyo angeitoa wapi?

Mashindano ya shule ya kurusha mishale yalikuwa yamekaribia. Rafiki yake mkubwa, msichana mrefu mwenye mabega mapana aliyeitwa Nguzo, alikuwa tayari ndani ya timu. Kiherehere alikuwa mchezaji wa akiba, na mishale yake bado ilikwenda kushoto. Wote wawili walitengenezewa mishale na Shangazi. Ya Nguzo ilifungwa uzi mwekundu karibu na manyoya, na ya Kiherehere uzi wa buluu.

Siku moja Shangazi alipokwenda sokoni, Kiherehere alichukua mshale wake mmoja na kipande cha chupa. Msasa aliuona unachelewesha. Akakwangua, akakwangua, hata vumbi la mti likamjaa mapajani. Alipoulaza kwenye misumari na kutundika kufuli, mshale ulinepa kama kamba ya kuanikia nguo.

Kuutupa asingeweza, maana Shangazi aliijua mishale yake yote. Basi jicho likamwangukia podo la Nguzo, lililokuwa limeletwa ili mishale yake igundishwe manyoya. Alifungua uzi wa buluu kwenye mshale ulioharibika, akafunga mwekundu, akautia ndani ya podo la rafiki yake. Kisha akatwaa mshale mmoja wa Nguzo na kuufunga uzi wa buluu. Huo angeusugua taratibu.

"Nguzo ana nguvu, wala hataona tofauti," alijisemea. Watu hujidanganya kirahisi wakiwa peke yao.

Kesho yake uwanjani, Nguzo alivuta upinde wake mgumu mpaka ugwe ukagusa kidevu. Alipoachia, mshale ulipasuka. Kipande kilichochongoka kikamchoma mkono ulioshika upinde, kati ya kidole gumba na cha shahada. Alipiga ukelele ambao hakuna aliyetaka kuusikia tena.

Mwalimu wa michezo alimfunga kitambaa, akauliza kwa hasira, "Nani anatengeneza mishale hii?"

"Shangazi yake Kiherehere," wenzao wakajibu.

Mwalimu aliivunja gotini mishale yote ya Nguzo, akaitupa kwenye pipa la taka. "Mama yule macho yamekwisha. Kuanzia leo, mishale yake isiingie uwanjani. Na wewe, Kiherehere, utaazima ya shule ushike nafasi ya mwenzako."

Nafasi aliyoitamani ikamwangukia mikononi, na Kiherehere akafyata ulimi.

Maneno yalifika nyumbani kabla yake. Shangazi hakubishana na mtu. Alivaa miwani yake, akapima kila mshale uliokuwamo karakanani, kisha akapima tena. Yote ilikuwa sawa, lakini hakujiamini.

"Huenda vidole vyangu vimechoka," alisema. "Mtoto wa watu nimemjeruhi kwa mikono yangu."

Kiherehere alisikia, akatoka nje. Siku zilizofuata alifanya mazoezi na timu, akampelekea Nguzo matunda, na kila jioni alimkuta Shangazi amekaa bila kazi, akiitazama mikono yake. Hilo ndilo lililomtesa, lakini bado alikula jiwe.

Mwisho wa juma, seremala wa jirani alikuja. Shangazi alikuwa ameifunga randa yake ndani ya gunia.

"Chukua, kaka. Mimi nimeacha."

"Dada, kazi ya maisha yako yote?"

"Nimeacha, nakwambia."

Seremala alipolitia gunia begani, Kiherehere alishindwa kuvumilia. Alikimbia chumbani, akarudi na ule mshale wa uzi wa buluu.

"Upime huu, Shangazi," alisema huku machozi yanamtiririka.

Shangazi aliulaza kwenye misumari, akatundika kufuli. Mshale ulinepa kwa shida. Alitazama uzi, akatazama kufuli, kisha akamtazama mtoto.

"Huu ni wa Nguzo."

"Ndiyo. Ule uliopasuka ulikuwa wangu. Niliukwangua kwa chupa, nikaubadilisha. Nisamehe."

Seremala aliliteremsha gunia polepole, akaondoka bila kuaga. Shangazi aliushusha mshale kutoka kwenye misumari.

"Unajua kilichoniuma?" alisema. "Si mshale. Umeniacha wiki nzima nikiitazama mikono yangu kama mikono ya mwizi, na wewe unapita mlangoni."

Siku hiyohiyo walikwenda kwa mwalimu. Baada ya kusikia ukweli, mwalimu alimwomba Shangazi radhi, akaruhusu mishale yake tena, na Kiherehere akatolewa kwenye timu. Kutoka hapo walikwenda kwa Nguzo, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye bendeji na ambaye asingeshindana mwaka huo.

"Uliniletea matunda ukakaa kitandani kwangu," Nguzo alimwambia. "Ukaniuliza kama inauma. Nenda zako."

Njiani kurudi, Shangazi alisema, "Ungeniambia siku ile ile, tungepoteza kijiti kimoja tu. Ungepata karipio, tungechonga kingine, yakaisha. Kosa ulifanya mara moja, mwanangu, lakini uongo uliufanya kila siku uliyonyamaza. Sema kweli mapema, kungali na kitu cha kuokoa."

Kesho yake randa ililia tena karakanani. Walianza na mishale mipya ya Nguzo, ya kumngoja apone. Kiherehere alisugua kwa msasa, kidogo kidogo, bila kuharakishwa na mtu. Alipomaliza wa kwanza aliulaza kwenye misumari, akatundika kufuli, akatazama vizuri.

"Uko sawa, Shangazi," alisema.

Shangazi alivaa miwani, akauchukua mshale ule, akaupima tena mwenyewe.